Kioo Kilichofungwa Mpira

Ukifika Dilala ukamuuliza kijana yeyote wa teksi-moto, pikipiki zetu za abiria, nyumba ya Mama Mwanvua, atakuuliza kwanza ni Mwanvua yupi, maana wako wengi. Mwambie yule wa Kichwa-Wazi. Hatakuuliza tena. Atakupakia, atakuzungusha katikati ya nyumba za zamani za kampuni ya migodi, na njia nzima atakusimulia, upende usipende, siku gari la jina hilo lilipompitisha dada yake katika nguo ya harusi na mtaa mzima ukasimama kutazama.

Kichwa-Wazi ni Peugeot 404 yenye paa la kukunjwa, rangi ya maziwa, na viti vyekundu vilivyoshonwa na kushonwa tena. Kolwezi nzima hakuna la pili. Magari mengine ya harusi ni jeep kubwa nyeusi zenye vioo vya giza, bibi harusi amefichwa ndani hata humwoni, na mimi sijapata kuelewa kwa nini mtu apambwe tangu alfajiri kisha afungiwe gizani. Katika Kichwa-Wazi bibi harusi anaonekana. Anakaa kiti cha nyuma, paa limekunjwa mgongoni kwake, juu yake hakuna kitu ila mbingu, na kila mtu barabarani anampungia mkono.

Gari lilikuja mikononi mwa Mzee Aruna, baba yake Mwanvua, mwaka wa vita vya sabini na nane. Aruna alikuwa bado kijana, mtoto wa wafanyabiashara waliotoka Kasongo, na kazi yake ilikuwa kumwendesha mhandisi mmoja wa migodini. Mhandisi aliondoka Kolwezi kwa haraka, na mkoba mmoja tu, akamwachia Aruna ufunguo na kumwomba alitunze gari. Hakurudi tena. Baada ya muda mrefu alituma hati kutoka kwao kwamba gari sasa ni la Aruna. Hati zilifika, maelezo hayakufika, na gari la kizungu la miaka ile lilikuwa na vidude vingi ambavyo mtu alivijua kwa kuvigusa tu.

Mwanvua alijifunza kuendesha humo humo, miguu ikifikia pedali kwa shida. Mumewe alipofariki, binti yao Yasmine akiwa bado ananyonya, baba yake alimkabidhi ufunguo ili apate kuishi. Watu wakasema mengi. Mwanamke, tena mwenye hijabu, kuendesha bibi harusi? Walisema mpaka wakachoka, kisha wakaja kumwomba awapeleke mabinti zao, Waislamu kwa Wakristo, Waluba kwa Walunda, na wale vijana wa migodini wanaooa siku waliyopata bahati shimoni.

Kwa hiyo Mwanvua amewaona maharusi kuliko mtu yeyote wa mji huu. Sheikh na padri huwaona wakiwa wamejipanga. Yeye huwaona kwenye kioo cha nyuma, kile kidogo kilichoning'inia juu ya dashibodi, wakiwa wamejisahau. Amemwona aliyekuwa akicheka mbele za watu akikunja uso mara gari lilipoingia barabara tupu. Amemwona mwingine, aliyelia ukumbini mpaka shangazi zake wakaridhika, akijifuta machozi na kuanza kuimba kwa sauti ya chini. Majina yao hajawahi kumtajia mtu. Akiulizwa, husema anaangalia barabara.

Kioo hicho kilikuwa kimefungwa mpira. Vipande vya mpira wa tairi la ndani, vile vyeusi tunavyofungia kila kitu hapa, kuanzia mizigo ya baiskeli mpaka milango ya nyumba, vilizungushwa nyuma yake na chini yake, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka likatokea fundo la ukubwa wa ngumi. Mpira wa zamani ulipokauka, Mzee Aruna hakuutoa. Alifunga mpya juu yake. Hakuna aliyeshangaa. Barabara zetu zinatikisa meno ya mtu, sembuse kioo. Siku alipompa binti yake ufunguo, mzee alimwambia kwamba gari lote ni lake, alifanyie apendavyo, ila mpira ule usifunguliwe. Kioo kile ni kigonjwa, alisema, kikifunguliwa kinakufa. Mwanvua akaitikia, kama mtu anavyoitikia jambo dogo la mzazi wake.

Sasa niwaambie habari ya taa, maana ndizo zilizoleta taabu yote.

Msafara wa harusi kwetu hauendi na taa zilizoinamishwa. Gari linalomfuata bibi harusi linawasha taa za juu, na lililo nyuma yake vivyo hivyo, hata kama jua liko utosini. Ni heshima. Ukiziinamisha, upande wa pili watauliza una kinyongo gani na binti yao. Zamani haikuwa neno. Taa zilikuwa na mwanga wa njano, uliochoka kabla ya kufika. Lakini siku hizi watu wamefunga taa nyeupe, kali, na wengine wameongeza safu nzima juu ya paa, utadhani wanatafuta kobalti barabarani. Na Kichwa-Wazi ni gari la chini. Taa za jeep zinaingia kwenye kioo chake moja kwa moja, na kutoka kioo zinaingia machoni mwa dereva. Paa likiwa limefunguliwa hakuna cha kuzizuia.

Kiangazi kilichopita, wakati wa magharibi, Mwanvua alikuwa akimpeleka binti wa Mama Mushiya ukumbini. Vumbi lilikuwa jekundu hewani, na nyuma yake jeep mbili zilikuwa zimewasha kila kilichoweza kuwaka. Kioo kilijaa weupe. Bibi harusi alipotea ndani yake, barabara ikapotea, na Mwanvua akawa anaendesha huku machozi yanamtoka. Alikata kushoto kuingia ukumbini bila kuona kwamba teksi-moto ilikuwa inampita upande huo huo. Akasikia mlio. Mungu ni mkubwa, dereva na abiria wake walianguka mchangani wakaamka na michubuko tu. Lakini kesho yake Mwanvua alienda kumwangalia yule kijana, akarudi, akaegesha Kichwa-Wazi chini ya kibanda na kulifunika turubai.

Hapo ndipo Yasmine alipochumbiwa.

Yasmine ni mwalimu wa shule ya msingi, binti wa maneno machache, na tangu awe na umri wa kukaa kiti cha nyuma cha gari lile alikuwa na ahadi moja tu kutoka kwa mama yake: siku yake, atapelekwa na Kichwa-Wazi, na mama yake ndiye atakayeshika usukani. Mchumba wake, Akram, anatoka kwenye ukoo wa wasafirishaji wa Fungurume. Watu wazuri, lakini watu wa malori. Walishatangaza kwamba watakuja kumpokea mke wao njiani na vichwa vya malori, taa zote zikiwaka, wamsindikize mpaka nyumbani. Walisema hivyo kwa mapenzi, na huwezi kumwambia mkwe apunguze mapenzi. Wakasema pia kwamba kama Mama Mwanvua anaogopa, wana jeep ya kufungwa vioo, Yasmine apande humo.

Yasmine hakulalamika. Alisema tu kwamba mama yake aamue, na akatoka kwenda kuanua nguo. Mwanvua alimtazama mgongo wake dirishani akajua kwamba kama binti huyo ataingia kwenye jeep ya giza, jambo fulani kati yao litakuwa limevunjika, na wote wawili watajifanya halijavunjika mpaka kufa. Lakini pia aliiona teksi-moto ile ikianguka. Kumwendesha mwanawe huku yeye mwenyewe haoni, na malori mgongoni, hilo hawezi.

Basi akalifunua gari, akalipeleka kwa Tshiamala.

Tshiamala ni mshonaji wa viti vya magari, anafanyia kazi chini ya bati karibu na soko, na ndiye aliyeshona paa la Kichwa-Wazi mara zote lilipochanika. Ni mtu wa utani, anayesema na sindano mdomoni. Alianza na dirisha la nyuma la paa, lile la plastiki, ambalo lilikuwa limegeuka rangi ya chai na kuujaza mwanga ukungu. Alilisugua kwa dawa ya meno mpaka likang'aa, kisha akakumbuka kwamba siku ya harusi paa litakuwa limekunjwa, na dirisha limelala ndani yake. Wakacheka wote wawili, mmoja zaidi ya mwingine.

Wakajaribu karatasi nyeusi ile ya kubandika kwenye vioo vya magari. Usiku kioo kikawa kizuri. Mchana Mwanvua hakuona hata lori. Wakaibandua. Wakajaribu moshi wa mshumaa, ukaonekana unafaa, mpaka upepo wa barabarani ulipoyapeperusha masizi kwenye mtandio wake mweupe. Mwanvua akavisha kioo kitambaa chepesi cha mtandio, akakikaza kwa pini. Taa zikageuka nyota kubwa zenye miguu, zikawa mbaya kuliko mwanzo. Kila jioni Tshiamala aliegesha pikapu yake nyuma ya Kichwa-Wazi na kuwasha taa za juu, na kila jioni Mwanvua alitoka kwenye usukani akifikicha macho. Harusi ikawa inakaribia.

Jioni moja, Tshiamala akiwa ameingiza kichwa ndani kukaza kioo, alibonyeza lile fundo la mpira kwa kidole gumba. Akalibonyeza tena. Akatoa sindano mdomoni, jambo ambalo halifanyi ovyo.

"Mama Mwanvua," alisema, "humu mu mpira kuko kintu. Iko sawa na ulimi."

Mwanvua akaweka kidole chake pale. Chini ya mizunguko yote ile, kweli, palikuwa na kitu kigumu, chembamba, kilichochomoza kutoka tumboni mwa kioo. Tangu utoto wake alikuwa akikiangalia kioo kile na hajawahi kujua. Tshiamala alikuwa tayari ameshachukua wembe. Mwanvua akamshika mkono, akamwambia mpira ule ni wa baba yake, na wakaongozana nyumbani, yeye na Kichwa-Wazi, Tshiamala na pikapu yake.

Mzee Aruna alikuwa amekaa barazani, ametoka kuswali alasiri, na redio ndogo iko mapajani. Mwanvua alimweleza habari nzima, polepole, kwa adabu, na akamwomba ruhusa. Mzee akazima redio. Akasema hapana. Mwanvua akamkumbusha teksi-moto, akamkumbusha malori ya Fungurume, akamkumbusha ahadi ya Yasmine. Mzee akasema basi Yasmine apande jeep. Alisema kwa sauti ambayo binti yake hakuizoea, na mkono wake ukawa unaitafuta swichi ya redio bila kuiona.

Mwanvua hakuondoka. Ni mtu mkaidi, ndivyo alivyopata leseni. Alikaa chini kwenye ngazi, mgongo wake kwa baba yake ili asimtazame usoni, akamuuliza kioo kile kinaumwa ugonjwa gani.

Mzee aliiweka redio sakafuni. Kisha akaanza kusimulia habari ya Aziza.

Aziza alikuwa dada yake mdogo, wa mwisho kuzaliwa kwao. Mwanvua alimjua kwa jina tu, na kwa picha moja iliyo ukutani. Ndiye bibi harusi wa kwanza kupanda Kichwa-Wazi. Aruna mwenyewe alimpeleka kwa mumewe, jioni, paa limefunguliwa, na marafiki wakifuata nyuma kwa magari yaliyowasha taa. Alikuwa na furaha kiasi kwamba alitaka kumwangalia dada yake bila kugeuka, akanyanyua mkono kukinyoosha kioo. Vidole vyake vikagusa kitu chini yake.

"Nikamuona ku mbingu," alisema Mzee Aruna. "Aziza yangu, mweusi kama kivuli, ku mbingu, na nyota kando yake. Nikageuka nyuma: iko anacheka tu. Nikaangalia tena mu kioo: iko kulekule juu. Nikarudisha mukono, akarudi. Ile siku ile ile njo nilifunga mupira. Na mvua ya mwaka ile ingine, akakufa na mutoto mu tumbo. Mi niliona mbele. Sikusema ku muntu."

Hakumwambia mama yao. Hakumwambia mumewe Aziza. Wala mkewe mwenyewe, aliyeishi naye mpaka akamzika. Miaka yote hiyo alikuwa akiongeza mpira juu ya mpira, na kila bibi harusi aliyepanda gari lile alimwombea dua kimya, asionekane alikoonekana Aziza.

Sitaki kumsifu Mwanvua kwa ushujaa ambao hakuwa nao: aliogopa. Alilitazama gari lililoegeshwa uani, kioo chake na fundo lake jeusi, akatamani alirudishie turubai. Kilichomnyanyua ni jambo dogo. Aliwaza kwamba mzee amesema aligusa kitu, na kitu hicho kipo, kina umbo la ulimi, na mtu fulani kiwandani alikaa akakitengeneza. Mtu hatengenezi kitasa cha kifo akakiweka ndani ya gari.

Akamwambia baba yake kwamba hatakijaribu kioo kwa kumtazama Yasmine. Atamtazama yeye mzee, akiwa amekaa nyuma.

Sijui mzee alikubali kwa nini. Labda alikuwa amechoka. Labda aliona kwamba akiwa mzee hana cha kupoteza, kioo kikimchukua kitachukua mtu aliyeshakula chumvi yake. Alitembea mwenyewe mpaka garini, akaingia kiti cha nyuma, akakaa wima katikati, mahali wanapokaa maharusi, kofia yake nyeupe kichwani. Tshiamala alikuwa amekwisha kuingia kwenye pikapu yake huko nyuma, hajui lolote ila kwamba ameambiwa awashe. Jua lilikuwa limezama nyuma ya nyumba. Mwanvua alisema bismillahi, akakata mpira.

Ulikatika tabaka baada ya tabaka, wa juu laini, wa ndani mkavu, wa ndani kabisa ukasagika na kuwa unga mikononi mwake. Chini yake kikatokea kidude cha chuma, kidogo kama kucha, kinang'aa kana kwamba kimetoka dukani jana. Tshiamala akawasha taa. Kioo kikajaa weupe ule ule, ukamchoma Mwanvua macho, na baba yake akapotea ndani yake. Akakisukuma kidude.

Weupe ukazimika. Mahali pake ikaja mbingu. Mbingu ya jioni, yenye rangi ya zambarau chini na buluu juu, imeingia yote kwenye kioo kisichozidi kiganja, na ndani ya mbingu hiyo alikaa baba yake, mweusi, mtulivu, kofia yake ukingoni ina uzi wa mwanga, na kila upande wa mabega yake nyota moja ndogo. Ilikuwa kama Mwanvua alivyosimuliwa, neno kwa neno, na ilikuwa nzuri. Hilo ndilo halikuwa kwenye simulizi ya mzee, kwamba kitu kile kilikuwa kizuri hivyo.

Akageuka nyuma. Baba yake alikuwa amefumba macho, midomo inasoma.

Kisha Mwanvua akainua kichwa na kutazama juu, kule ambako paa halikuwepo. Zambarau ile ile. Buluu ile ile. Akashuka, akalivuta paa la Kichwa-Wazi, akalifunga juu ya baba yake, akarudi kwenye usukani. Kwenye kioo mbingu ilikuwa imeondoka. Kulikuwa na giza tu la kitambaa, na ndani ya giza hilo kivuli cha mzee, na taa mbili za Tshiamala zikipenya dirisha lililosuguliwa kwa dawa ya meno, ndogo, zisizoumiza. Akalifungua paa, mbingu ikarudi. Akakivuta kidude, taa zikamchoma. Akakisukuma, zikawa nyota.

Alielewa basi, na kuelewa hakukumpunguzia mshangao hata kidogo, kuliuongeza. Kioo kilikuwa na nyuso mbili katika uso mmoja. Nyuma kulikuwa na uso wa kung'aa unaorudisha kila kitu, na mbele ya huo kioo kitupu, kama cha dirisha, kinachorudisha kidogo tu. Ukisukuma kidude, ule wa kung'aa unageuka na kutazama juu, unamwachia dereva ule mwingine, wenye haya. Na katika gari lingine lolote juu kungekuwa na paa. Hili lilikuwa na mbingu. Mtu aliyelitengeneza alikuwa amefikiria macho ya dereva, akamwekea huruma ndani ya kioo, na huruma hiyo ikafungwa mpira maisha yake yote.

Alimwita baba yake mbele, akamkalisha kwenye usukani, na yeye akaenda kukaa nyuma. Mzee hakutaka kunyanyua mkono. Mwanvua akamwinamia begani.

"Baba, ile njo mbingu yetu," alisema. "Angalia ku kioo, halafu angalia juu. Ni moja tu."

Mzee Aruna akakisukuma kidude. Akatazama kioo, akatazama juu. Akakirudisha. Akakisukuma tena, akatazama kioo, akatazama juu. Tshiamala, aliyekuwa bado anachoma betri yake huko nyuma, alitoa kichwa dirishani kuuliza kama azime. Mara nyingi sana mzee alirudia vile, mpaka mbingu juu ikawa nyeusi na weusi ukaingia kwenye kioo, na zile nyota zikawa nyota kweli kweli, huwezi kujua ipi ni taa na ipi si taa.

"Aziza alikuwa anacheka," alisema mwishowe. "Mi sikumuonaka tena kucheka. Kila mara nilikuwa namuona tu amekufa."

Akalia, mikono yake miwili kwenye usukani, na Mwanvua akamwacha alie. Tshiamala alizima taa mwenyewe, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani, akaenda zake. Kwa utani wake wote, jambo hilo hajawahi kulitania.

Siku ya harusi waliondoka Dilala baada ya alasiri, paa limekunjwa, Yasmine nyuma katika nyeupe na dhahabu, Mzee Aruna mbele kando ya binti yake kwa sababu alisema mtu yeyote akitaka kukaa pale apigane naye kwanza. Mtaa ulisimama. Wanawake walipiga vigelegele, teksi-moto zilipiga honi zikiwatangulia, na kijana yule aliyeanguka mchangani alikuwa wa kwanza kati yao, maana Mwanvua alimwalika. Kioo kilikuwa kwenye uso wake wa mchana, na kila mara Mwanvua alipokitazama alimwona mwanawe akijisahau: mdomo wazi kidogo, anatazama migodi na vilima vyekundu kana kwamba ni vya nchi nyingine.

Vichwa vya malori viliwapokea jua likizama. Vilikuwa vitatu, vimepambwa maua na vitambaa, na mara tu vilipojipanga nyuma, vikawasha. Ndugu zangu, walikuwa wameahidi taa na walitimiza. Hata nyasi za kando ya barabara zilipata kivuli. Kioo kikalipuka weupe, Yasmine akatoweka, na Mwanvua akahisi moyo wake ukikumbuka sauti ya teksi-moto mchangani. Akanyanyua mkono.

Baba yake aliushika, akaushusha taratibu kwenye usukani.

"Acha," alisema. "Mi njo nitafanya."

Akakisukuma kidude mwenyewe. Weupe ukaondoka, na jioni ya njia ya Fungurume ikaingia kwenye kioo. Mwanvua aliiona barabara nyuma yake yote, kingo kwa kingo. Aliona nuru moja ndogo ya teksi-moto ikitoka pembeni ya malori kutaka kumpita kushoto, akaipisha, ikapita ikipiga honi kwa furaha. Na katikati ya zambarau na buluu alikaa Yasmine, mweusi, mzuri, taji lake na mabega yake vimechorwa kwa mwanga, nyota za wakwe zake zimemzunguka pande zote.

Mzee Aruna alikuwa amesogea karibu na binti yake ili naye apate kukitazama kioo. Yasmine, kutoka nyuma, aliona macho ya babu yake yamekwama humo, akainama mbele akauliza kwa sauti ya kushinda upepo kama wanamwona.

"Nakuona," alisema mzee.

Na hakugeuka nyuma.